Zima Kwanza, Ndipo Uongee

Nyamizi mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi, na shikamoo yako niliiitikia nikiwa natazama pembeni, kwa hiyo nazivuka niingie kwenye lililonikalisha hapa. Wewe umekwenda Itetemia kumuaga shangazi yako. Mama yako yuko uani anakunja nguo zako kwa mara ya tatu. Mimi niko kwenye meza yangu ya kazi, nimesukuma pembeni redio ya watu, nimechukua karatasi. Jua bado liko juu. Nataka nimalize kabla hujarudi, maana nikikuona usoni sitaandika tena.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na mlango wa kutomfungulia mtu usiyemjua, mama yako amekwisha kukuambia na atakuambia tena kesho stendi. Ya kwangu ni moja tu. Nina wivu na wewe. Nimekuwa nao kwa zaidi ya mwaka, na wivu huo ulinifanyisha jambo ambalo unaubeba mzigo wake mpaka leo bila kujua.

Usikunje uso kwanza. Nitakupeleka polepole.

Unajua kazi yangu ilivyokuwa kabla hujamaliza chuo ukarudi kukaa nami hapa Cheyo. Mtu analeta gari lake. Nafunga redio koli, natoboa tundu la antena, navuta umeme kutoka waya wowote ulio karibu na usukani, tunajaribu: haloo, haloo, mnanipata? Wanatupata. Mwenye gari anatabasamu. Kisha anawasha injini, na redio inaanza, tak-tak-tak-tak, ukikanyaga mafuta nayo inakimbia, na nyuma yake kuna mluzi kama wa birika. Mteja ananigeukia. Mimi nafanyaje? Namwangalia kwa huruma, nasema, "Hiyo kawaida, bwana. Injini lazima isikike. Ukitaka kuongea, zima kwanza, ndipo uongee."

Miaka ishirini nimesema hivyo, tena kwa sura ya mtu anayejua. Madereva wakashika neno langu. Kuanzia Sikonge mpaka Urambo, ukikuta gari limesimama katikati ya pori, injini kimya, dereva kashika maiki, ujue hilo nimelifunga mimi. Walifika mahali wanafundishana: dereva mpya anaonyeshwa jeki iko wapi, tairi la akiba liko wapi, na anaambiwa kila baada ya saa moja asimame, azime, asikilize kama anaitwa. Sikujua namna ya kuziondoa zile kelele, basi nikawapa watu wazima desturi. Na nilijivunia, mwanangu! Nilikuwa nikipita barabarani nikaona gari limezimwa, najisemea, yule wangu.

Ndipo wewe, wiki ya kwanza tu, umekaa pale mlangoni unakula muhogo, ukauliza, "Baba, hivi kwa nini wote wanazima?"

Nikasema, "Kawaida."

Ukasema, "Kawaida ya nani?"

Nilicheka, lakini lile swali halikunichekesha.

Kisha ukaja mwezi ule wa pikapu ya Bwana Salum, mfanyabiashara wa asali. Ilikuja kubadilishiwa fyuzi tu. Ukaniomba ruhusa uishughulikie na zile kelele, nami nikakuruhusu kwa sababu nilikuwa na hakika utashindwa. Naliandika hili kama lilivyo. Nilikaa kwenye stuli nikangoja ushindwe.

Ulianza kwa kuchomoa antena huku injini inanguruma. Ule mluzi ukabaki, zile tak-tak zikakatika. Ukasema peke yako, wala hukuwa unaongea na mimi, "Kumbe ni wagonjwa wawili. Mmoja anapita kwenye umeme, mwingine anapita hewani." Lo! Miaka ishirini nimeshika antena kwa mikono hii, sikuwahi hata siku moja kuichomoa nikasikiliza. Ukang'oa waya wangu wa pale kwenye usukani, ukavuta mpya, mnene, chanya na hasi, moja kwa moja mpaka kwenye betri. Mluzi ukafa. Ukabadilisha plagi za injini. Ukagundua kwamba boneti imekaa juu ya bawaba zenye grisi na kutu, haijagusana sawasawa na bodi, kwa hiyo yenyewe inazirusha zile kelele kama antena ya pili. Ukachukua waya bapa wa kusuka, ukaufunga kushoto na kulia, boneti mpaka bodi, ili yote iwe athi moja, chuma kimoja cha kurudishia umeme kwenye betri. Na kabla ya kufunga ulichukua msasa ukakwangua rangi mpaka bati likang'aa.

Mimi sijawahi kukwangua rangi ya gari la mtu. Niliwaogopa wenye magari. Nilikuwa nakaza nati juu ya rangi nikaita athi. Wewe ulimwambia Juma, dereva wa Salum, "Kaka, nitakwangua hapa padogo, kisha napaka grisi pasile kutu, sawa?" Juma akasema, "Kwangua tu dada." Basi! Ndiyo yote niliyoyaogopa miaka ishirini.

Ulipowasha, sikusikia kitu. Salum akaita kutoka ghalani kwake mjini, sauti yake ikaingia utadhani amekaa kwenye kiti cha pembeni. Juma alikanyaga mafuta mpaka moshi ukatujaa, na Salum bado anaongea tu. Juma akaruka chini akakupa mkono, akanipa na mimi, akasema, "Mzee, binti huyu ni noma." Nikasema alhamdulillah. Mdomo ulisema alhamdulillah. Moyo ulisema, na mimi je?

Ungekuwa mtoto wa jirani ningekuchukia waziwazi nikapumua. Lakini wewe ni wangu, ilibidi nikuchukie nikiwa nakusifia.

Habari zikasambaa. Wakaanza kuja wa tumbaku kutoka Urambo, wa mbao, wa asali wengine. Nakumbuka siku moja mtu alisimama mlangoni hapa akauliza, "Fundi yupo?" Nikainua kichwa, nikasema, "Nipo, karibu." Akatazama nyuma yangu. Akasema, "Samahani mzee, namuulizia fundi mwenyewe. Yule binti."

Mzee! Hapa hapa, mlangoni pangu, kwenye kibao kilichoandikwa jina langu kwa mkono wangu. Wewe ulitoka ndani unafuta mikono, ukasema, "Baba ndiye fundi, mimi namsaidia." Ulinitetea. Na hilo la kunitetea ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu ulilisema kwa huruma, na huruma ile niliifahamu. Ni ile ile niliyokuwa nawapa wateja nikisema kawaida.

Sasa fika hapa polepole.

Pikapu ya Salum ilirudi wakati mvua zimeanza, tawi limepinda antena. Ilikuwa Ijumaa. Ukabadilisha antena, ukakagua kila kitu, ukafungua na zile nyaya mbili za boneti ukasafisha, ukakaza upya. Nilikuona ulivyokaza, mpaka spana ikaacha alama kiganjani. Juma akaenda msikitini. Wewe ukakimbia mjini kununua fyuzi za akiba. Nikabaki mimi na gari.

Juu ya meza kuna kile kichupa cha rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, tunayoitumia kushikilia skrubu ndogo za redio zisigeuke. Nilikichukua. Nilifungua nati zako. Nikapaka vile vipande vya shaba mwishoni mwa nyaya, vile vyenye tundu, juu, chini na ndani ya tundu. Nikapuliza vikauke. Nikavirudisha, nikakaza kama ulivyokaza wewe. Kwa macho hakuna kilichobadilika. Shaba inang'aa, nati imekaza. Lakini rangi ile haipitishi umeme, kwa hiyo waya ulikuwa haugusi tena kitu. Kwa nini nilifanya? Nilitaka Juma arudi siku mbili baadaye aseme kelele zimerejea. Nilitaka nisikie tu, "Mzee, hebu na wewe angalia." Ndiyo yote niliyoyataka. Ona udogo wake.

Hapa uwanjani, injini ikinguruma taratibu, tofauti ilikuwa ndogo, Juma akaondoka bila kuigundua. Kelele zilimkuta porini kusini mwa Sikonge, mvua inanyesha, radi zinapiga, na yeye akadhani ni radi. Salum alikuwa mjini anamwita: Juma usivuke mbuga, maji yamejaa, rudi. Aliita tangu asubuhi mpaka sauti ikamkauka. Na Juma hakusikia, kwa sababu redio ilikuwa tak-tak-tak, na kwa sababu alishaacha kusimama na kuzima. Alishaacha, Nyamizi. Alikuwa anakuamini wewe. Kama ningemwacha na ujinga wangu wa zamani angesimama, angezima, angemsikia tajiri wake. Wewe ulimwondoa kwenye ujinga ule, mimi nikamwondolea ulichompa badala yake, akabaki hana kitu.

Siku tatu kwenye tope. Umesikia alivyosimulia: anakula asali ya mizigo mpaka anatapika, anakunywa maji ya dimbwi, redio imelowa, simu haishiki mtandao. Walipomtoa alikuwa na homa hajui hata jina la mkewe. Asingepona, ningekuwa nakuandikia kutoka jela au nisingekuandikia kabisa.

Pikapu ilivyovutwa mpaka hapa na kukaushwa, unakumbuka Salum alivyosimama na bakora yake akakuita mtoto mbele ya watu. "Nilimpa mtoto gari la wakubwa." Ulifungua boneti. Ukachukua mita, ukaweka ncha moja kwenye bodi na nyingine kwenye kichwa cha nati, mita ikalia. Upande wa pili, ikalia. Ukachomoa antena, kelele zikaisha, ukairudisha, zikarudi. Ukasema, "Inatoka kwenye injini, lakini athi zote nzima." Ukapima tena. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, naona kosa lako liko wapi: ulipima nati, hukupima shaba ya waya. Nati ilikuwa imeshika bodi kweli. Waya ndio uliokuwa peke yake. Neno moja tu, pima kwenye waya, na ungenigundua palepale. Nikafunga mdomo.

Hili shika hata kama mengine yangu yote utayatupa. Ukipima athi, pima kuanzia kwenye shaba yenyewe ya waya, usipime nati. Nati inaweza kukupa jibu zuri kwa niaba ya mtu mwingine.

Ukamgeukia Salum ukasema, "Nisamehe mzee wangu, kosa ni langu, ila silioni." Ukaingia ndani. Nikasema, kwa sauti niliyoitengeneza, "Niachieni." Nusu saa. Nikakwangua ile rangi ya kucha kwa msasa, msasa wako, nikafunga. Nikawasha. Kimya. Salum akanipiga begani, akasema, "Wa zamani ni wa zamani." Nikanywa chai yake, nikala na sambusa zake. Zilikuwa tamu, sitakudanganya.

Jioni ile uliniuliza, macho yamevimba, "Baba, ilikuwa nini?"

Nikakwambia, "Hukukaza vizuri."

Hayo maneno mawili ndiyo yaliyoniamsha wiki hizi zote. Gari lingeweza kuwa hasira ya saa moja. Lakini yale maneno niliyasema nimetulia, nimeshiba, nakutazama machoni.

Baada ya hapo wateja walirudi kwangu, na mimi nikarudi kuwa fundi. Wewe ukaanza ule ugonjwa wa kukaza. Unakaza, unaenda, unarudi kukaza. Gari limefika getini unalikimbilia na spana. "Baba, njoo uhakikishe." Nami nilikuja, mwanangu, nikahakikisha, nikatikisa kichwa kama daktari. Nilipenda ukiniita. Siwezi kuandika kwamba niliumia wakati ule, niliumia baadaye.

Baadaye ni juzi. Ulikuwa uani unaongea na simu na huyo Masele wa Igunga, mwenye karakana ya redio za malori. Jamaa sijamwona, ila nimeshamchukia, kwa sababu utamuita mwalimu. Anakutafuta kwa sifa alizozisikia kwa madereva, anakupa kazi ya ufundi kabisa. Nikasikia unamwambia, "Hapana kaka, niweke msaidizi. Niwe nashika taa tu kwanza. Mimi nina tatizo, sijui kukaza. Nikijifunza upya kukaza nati ndipo tuongee."

Nilikaa chini pale pale kwenye ndoo. Wewe, uliyewasikia wagonjwa wawili kwenye kelele moja, unakwenda Igunga kushika taa. Kwa uongo wa maneno mawili.

Kwa hiyo leo, ulipotoka tu, nilivaa kanzu nikaenda ghalani kwa Salum. Juma alikuwepo, anapima asali. Niliwaambia wote wawili, nimesimama, na kichupa nikakitoa mfukoni nikakiweka juu ya mizani wakione. Salum hakuelewa mara ya kwanza. Nilisema tena. Juma alielewa mapema. Akaweka chini ndoo, akanitazama, akasema, "Mzee Kasanda, mimi nilimtukana yule dada kila kijiwe cha Tabora." Akatoka nje. Hakunipa mkono, wala sikuutarajia.

Salum akasema nisiguse tena gari lake lolote maisha yangu yote, na kwamba wengine atawaambia mwenyewe. Nikasema sawa. Nilifika mlangoni akaniita. Akasema, "Mwambie binti asiende Igunga. Magari yangu yote manne ni yake, na chumba cha mbele cha ghala nampa afungue kazi. Nitamwomba radhi mimi mwenyewe mbele ya hao hao walionisikia."

Sasa sikia baba yako alivyo. Nimetoka kuungama, machozi hayajakauka, na nilivyosikia chumba cha mbele, barabarani, hapa hapa mjini, jina lako juu ya mlango na mimi wa Cheyo sina hata baiskeli ya kufunga taa, wivu ulinirukia upya kama haujawahi kwenda popote. Nilitembea nao kutoka mjini mpaka nyumbani. Njiani nilikuwa nimeshaamua nikuungamie yote, ila hilo la chumba nilimeze. Ungeondoka alfajiri, Salum angedhani umekataa, na Tabora ingebaki na mimi, hata kama mimi ni wa kudharauliwa. Nilihesabu hivyo kabisa, kwa akili timamu.

Nimeliandika hapo juu ili lisiwe tena mikononi mwangu. Basi la Igunga linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Salum anafungua ghala saa moja. Ukienda kwa Masele, nenda ukiwa fundi, mwambie ulichomwambia kwenye simu hakikuwa kweli, na kwamba aliyekudanganya ni baba yako, mtaje jina. Ukibaki, baki. Nitakuonea wivu kila asubuhi nikipita pale, hilo nakuahidi, sijui kulizima, lakini mikono yangu nitaiweka mifukoni.

Ulikaza vizuri. Mara zote mbili. Hakuna nati uliyowahi kuiacha ikiwa imelegea katika nyumba hii.

Mama yako hajui. Nitamwambia ukimaliza kusoma, atakavyonifanya ni juu yake.

Limebaki moja. Mama yako ameshatandika mkeka mdogo sebuleni, kwa ajili ya kesho, upige goti utuombe radhi kabla ya kutoka, kama watoto wa kwetu wote wanavyofanya. Kwa mama yako piga. Kwangu usipige. Radhi zangu unazo zote, ulikuwa nazo hata siku ile ya kichupa. Ukimalizana na mama yako simama pembeni, nipishe mkeka, nipige mimi. Magoti yananiuma siku hizi, Nyamizi, kwa hiyo usinicheleweshee jibu, hata kama jibu lenyewe ni hapana.

Baba yako,
Kasanda